Penzi la wawili linahitaji kalamu mbili

Ukitaka kujua jinsi tunavyosimulia mapenzi, kaa saluni mchana mmoja au panda daladala jioni watu wanapotoka kazini. Utasikia habari za mke aliyebadilika, za mchumba aliyepotea mahari ikishalipwa, za bwana asiyepokea simu tangu Ijumaa. Simulizi ni tamu na uchungu wake ni wa kweli. Lakini katika kila simulizi msemaji ni mmoja. Yule mwingine hayupo kujieleza. Ametajwa, amehukumiwa, na abiria wote wameshakubaliana kwamba hafai. Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, na hakuna ngozi inayovutwa kwa nguvu kama ya mapenzi.

Riwaya za mapenzi nazo mara nyingi huenda hivyo hivyo. Mwandishi humpenda mhusika wake mmoja, humfuata hadi chumbani anapolia, hutuonyesha kila wazo lake. Mpenzi wa pili anabaki kuwa umbo: mrefu, mzuri, mwenye siri. Tunajua macho yake yalivyo lakini hatujui yanaona nini.

Msimamo wangu ni huu. Hadithi ya mapenzi hupata haki yake kamili inapoandikwa na waandishi wawili, kila mmoja akiwa ameubeba moyo wa mpenzi mmoja na kuutetea hadi ukurasa wa mwisho. Na jambo hili limeonekana wazi kuliko kwingine katika riwaya za mapenzi ya wanaume wawili, zilizoandikwa kwa ubia huko Marekani na Kanada katika miaka ya karibuni. Najua wapo watakaotaka kufunga gazeti hapa. Nawaomba wasifunge, kwa sababu ninayotaka kuyasema yanagusa kila nyumba ambamo watu wawili wamewahi kununiana.

Jamie anasema, Wes naye anasema

Mwaka 2015 wanawake wawili walitoa riwaya ya watu wazima iitwayo Him. Sarina Bowen ni Mmarekani aliyefanya kazi za fedha Wall Street kabla ya kugeukia uandishi. Elle Kennedy ni Mkanada aliyekulia pembezoni mwa Toronto. Kila mmoja alikuwa na wasomaji wake, na kila mmoja alikuwa ameshaandika kuhusu wachezaji wa hoki ya barafu vyuoni. Wangeweza kushindania uwanja huo mmoja. Badala yake waliunganisha kalamu, wakakichapisha kitabu wenyewe bila kupitia kampuni kubwa, na majina yote mawili yakakaa juu ya jalada. Mwaka 2016 kitabu hicho kilishinda RITA, tuzo iliyokuwa kubwa kuliko zote za chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi wa Marekani.

Wahusika wao ni Jamie Canning na Ryan Wesley, ambaye marafiki humwita Wes. Walijuana kwenye kambi ya hoki huko Lake Placid, mji mdogo wa milimani katika jimbo la New York, wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Kisha urafiki ukakatika ghafla. Wes aliacha kujibu, wala hakueleza sababu. Miaka ikapita, hadi wakakutana tena wakiwa wanamaliza chuo, kila mmoja na timu yake, kwenye mashindano ya taifa.

Hapo ndipo sauti mbili zinapofanya kazi yake. Sura moja anasema Jamie, inayofuata anasema Wes. Kwa Jamie, kimya cha miaka yote ile kilikuwa adhabu ya kosa asilolijua. Kwa Wes, kimya kile kile kilikuwa toba, kwa kuwa aliamini kwamba mapenzi yake yangemwumiza rafiki ambaye siku zote alijijua kuwa mtu wa kupenda wanawake. Tungemsikia Jamie peke yake, tungemwita Wes msaliti. Tungemsikia Wes peke yake, tusingejua kamwe kwamba kujitoa kwake kulimvunja mtu. Hakuna mwongo kati yao. Kuna watu wawili waliojeruhiwa na jambo moja kwa namna mbili tofauti. Je, si hivyo ndivyo ndoa nyingi zinavyovunjika, kila mmoja akiamini kwamba yeye ndiye aliyekuwa akivumilia?

Mtu atauliza: kwani mwandishi mmoja hawezi kuandika sauti mbili? Anaweza, na wengi wameweza. Rachel Reid, Mkanada wa Nova Scotia, aliandika peke yake Heated Rivalry mwaka 2019, riwaya ya mahasimu wawili wa hoki wanaopendana kwa siri, na mwaka 2025 ikawa tamthilia ya televisheni iliyovuma nje ya Kanada. Lakini mwandishi aliye peke yake anajua ugomvi utaishaje kabla haujaanza. Ni rahisi kwake kumlainisha mmoja ili hadithi isonge. Wakiwa wawili, kila mhusika ana mtetezi mwenye damu na hasira zake, anayeweza kusema: hapana, mtu wangu hawezi kusamehe upesi hivyo, mpe sababu.

Ushahidi mwingine ni What If It's Us ya mwaka 2018, riwaya ya vijana iliyoandikwa na Becky Albertalli na Adam Silvera. Albertalli, mtu wa Atlanta, aliandika sura za Arthur, mvulana wa Georgia aliyefika New York kwa msimu mmoja wa kiangazi kwa ajili ya kazi ya mama yake, ambaye ni mwanasheria. Silvera, aliyezaliwa na kukulia Bronx katika familia yenye asili ya Puerto Rico, aliandika sura za Ben, mvulana wa New York mwenye asili hiyo hiyo. Wahusika wanakutana posta, na kuanzia hapo kila mmoja anaingia na mji wake, familia yake na mashaka yake. Arthur anaamini majaliwa yamewakutanisha. Ben, ambaye ametoka kuachana na mpenzi wake, haamini upesi. Tofauti ile ina uzito kwa sababu nyuma yake kuna waandishi wawili ambao kweli walilelewa katika nyumba tofauti.

Pasipo majukumu ya kurithi

Kwa nini nasema jambo hili linaonekana zaidi katika hadithi za wanaume wawili? Kwa sababu hadithi ya mwanamume na mwanamke huja na samani zake tayari. Mwanamume atamfuata mwanamke, mwanamke atasitasita, mwanamume atagharamia, mwanamke atalia. Mwandishi mvivu anaweza kuziegemea desturi hizo na msomaji asigundue kwamba hakuna mtu aliyejengwa humo.

Wakiwa wanaume wawili, egemeo hilo halipo. Nani atatamka kwanza kwamba anapenda? Nani ataomba radhi? Nani ataacha kazi amfuate mwenzake katika mji mgeni? Hakuna bibi wala somo aliyeyapanga. Inabidi kila jibu litokane na tabia za watu hao wawili, na inabidi lijadiliwe. Na majadiliano ya kweli yanahitaji pande mbili zenye nguvu sawa.

Hili si somo la wapenzi wa jinsia moja peke yao. Ni mke na mume wangapi wamekaa miaka mingi wakitimiza majukumu waliyoyarithi, wasiulizane hata mara moja kama yanawafaa? Msomaji anayeona wahusika wawili wakipatana kuhusu kodi, safari na wazazi wakwe, neno kwa neno, anajifunza kwamba mambo hayo huzungumzwa.

Bowen na Kennedy waliliendeleza jambo hilo katika Us ya mwaka 2016. Jamie na Wes sasa wanaishi pamoja Toronto. Wes ni mchezaji mgeni katika ligi kuu ya NHL, Jamie anafundisha vijana hoki, na penzi lao ni siri ya nyumbani. Wes husafiri na timu, Jamie hubaki na kuta. Kisha Jamie anaugua sana, na siri inakuwa mzigo usiobebeka. Mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, lakini kitabu hiki kinatuonyesha gharama ya kila siku ambayo mtu hulipa akijaribu kuyaficha: chakula kinacholiwa bila furaha, simu inayopokelewa kwa minong'ono, mgonjwa anayehitaji mtu ambaye hapaswi kuonekana kando ya kitanda chake.

Maisha yenyewe yalichelewa nyuma ya riwaya. Ilipita miaka mitano baada ya Us ndipo Luke Prokop, mnamo Julai 2021, akawa mchezaji wa kwanza mwenye mkataba na timu ya NHL kusema hadharani kwamba anapenda wanaume. Kabla yake alikuwapo Brendan Burke, mwana wa Brian Burke aliyekuwa meneja mkuu wa Toronto Maple Leafs. Kijana huyo, ambaye hakuwa mchezaji wa NHL, alisema hadharani mwaka 2009 kwamba anapenda wanaume, na baba yake, mtu mwenye sauti nzito katika mchezo wenye wanaume wakali, akasimama naye mbele ya watu wote. Miezi michache baadaye, Februari 2010, Brendan alifariki katika ajali ya gari. Mwaka 2012 kaka yake Patrick alianzisha You Can Play, shirika linalotetea wanamichezo wa namna hiyo. Fikiria baba yule angesita miezi michache tu. Angebaki na nini leo?

Mafahali wawili katika zizi moja

Wapo wanaosema kazi ya ubia haidumu, kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni kweli kwamba wengi wameshindwa. Waandishi wana majivuno, na hakuna kidonda kama kufutiwa sentensi uliyoipenda. Lakini Bowen na Kennedy waliendelea, na mwaka 2019 wakatoa Top Secret, riwaya nyingine ya wanaume wawili. Albertalli na Silvera walirudi mwaka 2021 na Here's to Us. Christina Hobbs na Lauren Billings, waliojuana mwaka 2009 kupitia hadithi za mashabiki, wameunganisha hata majina yao kuwa Christina Lauren, na mwaka 2017 wakatoa Autoboyography, hadithi ya wavulana wawili wanaopendana katika mji wa Provo, Utah, ambako imani ya Wamormoni imeshika kila nyumba.

Siri ya kudumu kwao haiko katika upendo mtupu. Iko pia katika makubaliano. Kwa sheria ya Marekani, waandishi wenza wasipoandikiana mkataba huhesabiwa kuwa wamiliki sawa, na kila mmoja anaweza kuiruhusu kazi itumike mradi agawane mapato na mwenzake. Hakimiliki ya kazi hiyo hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi wa mwisho kati yao. Maana yake ni kwamba wajukuu wa watu wawili waliowahi kuandika pamoja wanaweza kujikuta wakigawana mrabaha bila kujuana hata kwa sura.

Kwa familia ya mwandishi hili si jambo dogo. Ni ada ya shule na kodi ya nyumba. Nani ataamua kitabu kikitakiwa kuwa filamu? Mmoja akiugua, mwenzake anaruhusiwa kumaliza sura zake? Mmoja akichoka, wahusika ni wa nani? Wanaopendana hukwepa maswali haya kabla ya harusi, na waandishi marafiki huyakwepa kabla ya kitabu. Wote hulipia baadaye. Mkataba ulioandikwa mapema haupunguzi urafiki. Unauwekea paa.

Kitanda usichokilalia

Pingamizi lenye uzito zaidi ni jingine. Bowen na Kennedy ni wanawake. Wamepata wapi haki ya kuandika moyo wa mwanamume anayempenda mwanamume? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Swali hili limewasumbua watu wenye nia njema. Mwaka 2009 waandaaji wa tuzo za Lambda, zinazoheshimu fasihi ya wapenzi wa jinsia moja, waliamua kuzitoa kwa waandishi wa jamii hiyo peke yao. Kelele zikawa nyingi, na mwaka 2011 wakalegeza sharti katika tuzo nyingi. Naelewa kilichowasukuma. Mtu aliyenyamazishwa maisha yake yote ana haki ya kuchukia kuona hadithi yake ikimtajirisha jirani. Wachapishaji wana wajibu wa kuwatafuta waandishi ambao maisha hayo ni yao, na kuwalipa vizuri.

Lakini kuwalazimisha waandishi waonyeshe vyumba vyao vya kulala ndipo waruhusiwe kuandika ni ukatili. Tazama yaliyompata Albertalli. Alishutumiwa kwa miaka kwamba anaandika mapenzi yasiyomhusu, hadi Agosti 2020 alipoandika hadharani kwamba yeye mwenyewe anavutiwa na wanaume na wanawake, na kwamba hakujitokeza kwa njia aliyoitaka. Waliodai kulinda watu waliojificha walimburuta mmoja wao hadi barazani. Haki gani hiyo?

Hapa ndipo ubia unapotoa jibu bora kuliko marufuku. Anayeyajua kwa ndani maisha ya mwanamume anayempenda mwanamume na mpenda fasihi anayeyajua kwa nje wanaweza kukaa meza moja. Albertalli na Silvera walikaa. Silvera hajawahi kuficha kwamba anapenda wanaume, na Ben alikuwa mikononi mwake. Kosa la mmoja husomwa na mwenzake kabla halijafika kwa msomaji. Ni usimamizi wa karibu kuliko wowote unaoweza kuwekwa na kamati.

Kitabu kikiondolewa, nyumba hubaki

Kuna kazi moja ya ubia ambayo imesumbuliwa mno kwa kitabu kidogo cha watoto. Justin Richardson na Peter Parnell, waandishi wawili ambao wenyewe ni wenza, walitoa And Tango Makes Three mwaka 2005. Kinasimulia habari ya kweli ya Roy na Silo, pengwini wawili wa kiume katika bustani ya wanyama ya Central Park jijini New York, waliopewa yai wakaliatamia na kulea kifaranga. Hamna kitanda humo, hamna busu. Kuna yai na subira. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa kiliongoza orodha ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba za Marekani. Mwaka 2014 maktaba ya taifa ya Singapore ilikiondoa, na baada ya watu kulalamika ikakirudisha katika sehemu ya watu wazima.

Mzazi ana haki ya kuchagua atakachomsomea mwanawe. Sibishani na hilo. Lakini mzazi mmoja akiondoa kitabu rafuni, amewachagulia wazazi wote. Na mtoto ambaye nyumbani kwake kuna baba wawili, au yule ambaye moyoni ameanza kujihisi tofauti, anajifunza jambo moja: kwamba hata pengwini wanaofanana naye ni aibu.

Kunyamazishwa huku kuna historia ndefu. E. M. Forster, mwandishi mkubwa wa Uingereza, aliandika Maurice kati ya mwaka 1913 na 1914, riwaya ya wanaume wawili wanaopendana, na akashikilia kwamba lazima iishe kwa furaha. Sheria ya nchi yake ilikuwa ikiwafunga watu kama hao. Kitabu kilitoka mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kwa zaidi ya nusu karne kilisomwa na marafiki wachache tu. Kama wawili hao wangekufa au kufungwa mwishoni, huenda kingevumilika mapema. Kilichokiweka gizani ni furaha yake. Ndiyo maana siidharau riwaya ya mapenzi inayowaacha wanaume wawili wakiwa hai, pamoja, na kesho mbele yao.

Na sisi tunaosoma Kiswahili?

Kuandikiana hakukuja kwetu na meli. Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu karne ya 19, na kila upande ukawa na hoja yake. Mwaka 1976 washairi Mulokozi na Kahigi walitoa pamoja Malenga wa Bara, na mwaka huo huo Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo walitoa tamthilia yao ya Dedan Kimathi, mpiganaji wa Mau Mau. Tumeweza kuandika vita kwa ubia, na ushairi kwa ubia. Mapenzi tumeyaachia mtu mmoja mmoja. Kwa nini?

Kuhusu mapenzi ya wanaume wawili, najua tunapoishi. Sheria za Kenya, Tanzania na Uganda zinayaadhibu, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu vya nchi hiyo. Imani za wasomaji wetu wengi ziko wazi. Siombi mtu aiache dini yake. Naomba kitu kidogo zaidi na kigumu zaidi: kwamba kabla ya kumhukumu mtu tumsikie, na tumsikie akisema kwa kinywa chake. Vitabu hivi vinafika kwenye simu za vijana wetu tupende tusipende. Na katika ukoo wowote mkubwa yupo kijana anayecheka na wengine mezani huku akihesabu maneno asiyopaswa kuyasema. Akifukuzwa, atakayelala njaa ni yeye, na atakayelia usiku ni mama yake.

Kwa waandishi chipukizi nasema: mtafuteni mwenzenu asiyefanana nanyi, mwandikiane mkataba, mgawane mioyo ya wahusika, mbishane kwa haki. Kwa wachapishaji: msiogope jalada lenye majina mawili, na msimlipe wa pili nusu ya heshima. Kwa wazazi: someni kitabu chote kabla ya kukikataza, kisha kaeni na mtoto aliyekisoma mumwulize amekielewaje. Na kwa kila anayesimulia penzi, lake au la mwenziwe, deni ni moja: mpe na yule mwingine nafasi ya kusema.